Chumba namba tatu

"Mama, kwa nini hiki kinalipa mwezi kwa mwezi, na vingine vyote miezi sita?"

Binti yangu ndiye anayeshika daftari la kodi tangu Januari, na ana hesabu kali kuliko mimi. Ile LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla) ya vyumba sita ameigawa vizuri hadi kelele za wapangaji zimeisha, hata ile 1,500 ya kodi ya jengo inayokatwa humo kila mwezi ameiwekea mstari wake. Kidole chake kilikuwa kwenye chumba namba tatu. Nikamwambia nitamweleza kesho. Usiku usingizi umegoma, basi nayaandika hapa kwanza.

Mama yangu alikuwa mfanyabiashara sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Soko lilipoungua na mzigo wake kuteketea mwaka 2006, hakununua mwingine. Kila alichopata alikigeuza tofali za kuchoma, tripu moja moja, anazirundika kwenye kiwanja chetu cha Iyunga. Watu wakimuuliza, anajibu, "Tofali limeshaungua. Haliungui mara mbili." Nguvu zilipompungua nikapokea mimi. Mkopo wa benki hatukuupata, kwa hiyo kodi ya miezi sita ndiyo iliyokuwa benki yetu: chumba elfu 25, mara sita, 150,000. Mpangaji wa chumba hiki ndiye anayeezeka kile. Hakuna siri nyingine katika nyumba hii.

Oktoba 2013 vyumba vitatu vilikuwa tayari na wanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, walikuwa wanazunguka mtaani wakitafuta mageto. Viwili vilishachukuliwa. Bati za upande wa pili nilikuwa nimezibeba kwa mkopo dukani. Deni lililobaki lilikuwa 150,000 na siku ya kulipa ilikuwa Jumamosi.

Ijumaa jioni akaingia mama mmoja wa Busokelo, mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake binti amebeba godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Mama akaingia chumba namba tatu, akaupapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Kisha akaketi kizingitini na kufungua fundo la khanga.

Zilikuwa noti za elfu kumi chache, za elfu mbili nyingi, zimelainika kama kitambaa. Alizihesabu mara mbili, chini chini, kwa Kinyakyusa. Sabini na tano.

"Miezi mitatu hii, mwanangu. Mingine nitaileta mwenyewe nikiuza maharage."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Dalali alikuwa ameniambia ana kijana wa miezi sita, taslimu. Nje, mama yangu alikuwa anapepeta mchele, na nilisikia ungo ukinyamaza.

"Mama, utaratibu wetu hapa ni miezi sita."

Nilisema kwa upole, na upole ule ndio unaonichoma hadi leo. Hakubishana. "Haya, mwanangu." Akazipanga noti upya, kubwa chini, ndogo juu, akazikunja, akafunga pindo, akalisokota mara mbili na kulichomeka kiunoni. Hakuharakisha hata kidogo. Binti alikuwa ameshaliegemeza godoro ukutani, akalibeba tena.

Walipofika nje, yule mama akautua mkungu mbele ya mama yangu. "Huu siurudi nao. Tumefika kwenu."

"Ndaga fijo," asante sana, mama yangu akamjibu. Mimi sikuwa na neno.

Jumamosi saa tatu nikalipa deni kwa kodi ya yule kijana wa dalali, na mvua za kwanza zikatukuta tumeshaezeka. Kibiashara nilifanya sawasawa, na vyumba vile vitatu ndivyo vilivyomsomesha huyu anayeniuliza leo. Lakini mwenye duka nilimfahamu miaka mingi, na sikumuuliza kama angesubiri hata wiki mbili. Labda angekubali.

Ndizi zilipoiva mama alizimenya na kunipa mkononi, bila kusema kitu. Yule kijana alipohama, nikaanza kukipangisha namba tatu kwa mwezi. Mara mbili watu wamenitoroka na kodi, na kila mara nimekipangisha vilevile. Sijui nalipa nini, wala namlipa nani.

Kesho binti yangu ataniuliza yule dada alipata chumba wapi. Muhula ule wote nilikuwa nikisimama barabarani asubuhi, wasichana wakipita kwenda chuoni, nikimtafuta kati yao. Sikuweza kumtambua. Ijumaa ile nilikuwa nimezitazama noti.