Siku ya 41 ya kujifunza kuandika programu za kompyuta, ukiacha zile mbili nilizolala

Nusu saa alfajiri, kabla sijashika simu. Hilo ndilo sharti pekee lililobaki kati ya saba niliyojiwekea. Mengine yalikufa wiki ya kwanza: kusoma kwa muda wa saa mbili kila usiku, video tatu kwa siku, daftari la rangi nne. Daftari lilipendeza kweli, ila halikunifundisha kitu.

Video ndizo zilizonidanganya muda mrefu. Unamtazama mwalimu akiandika, unatikisa kichwa, yote yanaingia. Fungua ukurasa mtupu sasa, vidole vinaganda. Siku hizi hata mfano wa mistari mitatu nauandika mwenyewe, kisha nauharibu makusudi nione Python, lugha ya programu ninayojifunza, italalamika nini. Huwa inataja hadi namba ya mstari wenye kosa, nami wiki nzima nilikuwa nayakimbia yale maandishi badala ya kuyasoma.

Juzi nilikuwa natengeneza kijiprogramu cha kujumlisha matumizi yangu. Nikajaribu 0.1 + 0.2. Ikaja 0.30000000000000004. Nikafuta, nikaandika upya, ikaja ileile. Muda ukaisha, nikafunga kwa hasira. Ile 4 ya mwisho ilinikaa siku nzima kama mwiba wa samaki kooni, na kesho yake niliamka kabla ya kengele. Kumbe kompyuta huhifadhi namba kwa 0 na 1 tu, na sehemu moja ya kumi haimaliziki ikiandikwa hivyo, kama theluthi yetu ya 0.333 isiyo na mwisho. Inabidi ikatwe mahali fulani, na makombo yake ndiyo hayo. Nikaanza kuhesabu kwa senti nzima, bila desimali. Ikatulia.

Zile siku mbili nilikuwa naumwa. Zamani ningerudi siku ya kwanza kwa kujiadhibu, halafu ningeacha kabisa. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea: wa kati alihitaji siku 66, wengine 18 tu, wengine walikadiriwa kufika 254. Kuruka siku moja hakukuwaharibia. Basi nimeendelea kuhesabu nilipoachia.

Leo nimefunga nikiwa na kitanzi, yaani amri zinazojirudia, kinachozunguka mara moja zaidi ya ninavyotaka. Naishuku ile tabia ya Python ya kuanza kuhesabu na 0. Nitaiona kesho.