Siku moja kazini: kurekodi filamu ya makala Kaloleni, Nairobi

Saa 11:30 alfajiri
Betri zilichajiwa jana. Kadi mbili za GB 128 hufutwa ndani ya kamera yenyewe. Zikifutwa kwenye kompyuta, kamera huweza kuzikataa katikati ya mahojiano. Kamera ikirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula GB 45, kwa hiyo kadi moja haifiki saa tatu.

Saa 12:30 asubuhi
Karibu na ikweta jua hupanda haraka, na nuru laini huisha ndani ya saa moja hivi. Ndiyo saa ya kupiga picha nyumba za Kaloleni, mtaa uliojengwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1940, na watu wanaoelekea Jogoo Road. Kila picha hushikiliwa sekunde 10 angalau. Mohamed Amin, mpigapicha wa habari mzaliwa wa Nairobi (1943), alipiga picha za video za njaa ya Korem, Ethiopia, Oktoba 1984. Zitazameni tena mwone kamera inavyotambaa taratibu, mtazamaji akapata nafasi ya kumwona mtu mmoja kabla ya kupita kwa mwingine. Hiyo ni heshima kwa anayepigwa picha, na hujifunzwa kwa kutulia.

Saa 3 asubuhi
Mahojiano na mama mkongwe wa mtaa. Chai kwanza, kisha fomu ya ridhaa husomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla kamera haijatolewa mkobani.

Hapa sauti ndiyo kazi yenyewe. Picha yenye giza kidogo huvumilika, lakini maneno yasiyosikika hayana dawa. Maikrofoni ya kifuani hubanwa shibiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na mkunjo wa leso. Kwenye kipimo cha sauti cha kamera, sauti ya juu kabisa iishie karibu na desibeli -12. Ikigusa 0 hupasuka, wala haitengenezeki. Friji, kwa sababu ya mvumo wake, huzimwa kwa ruhusa ya mwenyewe (“Mama, tuizime kidogo?”), na funguo za gari huwekwa ndani yake, ili asiondoke mtu kabla ya kuiwasha.

Umeme wa Kenya ni hezi 50, na kamera huufuata: fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea nuru) 1/50 ya sekunde. Ukiweka 1/60, taa za mirija huweza kumetameta kwenye picha.

Anayeuliza haitikii “mmh”, anatikisa kichwa tu. Swali lake litakatwa wakati wa kuhariri, kwa hiyo humwomba mama ajibu kwa sentensi kamili: “Nilihamia Kaloleni mwaka wa 1972.” Jibu la “sabini na mbili” peke yake halifai kitu. Mwishoni wote hunyamaza dakika moja, ukimya wa chumba urekodiwe. Mhariri atauhitaji kuziba mapengo.

Saa 6 mchana
Jua la utosini hutia vivuli machoni. Chakula.

Saa 8 mchana
Mikono ya mama, albamu yake. Picha za zamani hung'aa, basi taa mbili huwekwa pembeni, kila moja nyuzi 45.

Saa 1 usiku
Faili hunakiliwa kwenye diski mbili, kwa programu inayolinganisha nakala na asili. Diski moja hulala nyumba nyingine. Kadi hazifutwi mpaka mtu wa pili afungue kila faili na kuisikiliza mwanzo, katikati na mwisho.