Kiraka cha conntrack: hiki ni cha nani?

Jioni, Moshi. Mlima umejifunika mawingu, umeme upo, na nakagua kiraka (mabadiliko ya msimbo) cha conntrack, sehemu ya kerneli ya Linux inayofuatilia miunganisho ya mtandao. Kila mstari naupitia kwa swali moja: hiki ni cha nemspesi moja (mtandao uliotengwa ndani ya mashine) au cha mashine nzima?

Tangu kerneli ya 4.7, mwaka 2016, miunganisho ya nemspesi zote inakaa kwenye jedwali moja la heshi. Zamani kila nemspesi ilikuwa na lake. Kumbukumbu imeokolewa, lakini mkaguzi ameongezewa mzigo. Kontena mbili ndani ya seva moja hapa mjini, kila moja na nemspesi yake, zinaweza zote kutumia 10.0.0.2, bandari ile ile. Kinachozitenganisha ni net_eq(), inayolinganisha nemspesi, pamoja na zone, namba ya kugawa miunganisho ndani ya nemspesi. Njia mpya ya kutafuta ikisahau net_eq(), muunganisho wa kontena moja utaangukia nyingine, na ukijaribu kwa nemspesi moja tu hutaona kitu.

Kwenye RCU, njia ya kerneli ya kusoma data bila kufuli, ndipo ninapokaa sana. Kwa SLAB_TYPESAFE_BY_RCU, ingizo linaweza kuachiliwa na nafasi yake ikapewa muunganisho mwingine, hata wa nemspesi nyingine, wakati wewe bado unalisoma. Kwa hiyo: lipate, shika rejeo kwa refcount_inc_not_zero() ili lisiachiliwe, kisha linganisha ufunguo (anwani, bandari, zone, nemspesi) mara ya pili. Usipolingana, achia, usilitumie. Kiraka kinachofuta ulinganisho wa pili eti kuongeza kasi, nakirudisha kwa mwenyewe.

Sysctl, yaani mipangilio ya kerneli, nazo zina historia. nf_conntrack_max, kikomo cha idadi ya miunganisho, ilikuwa ya mashine nzima, na hadi marekebisho ya 2021 nemspesi ya ndani iliweza kuiandika. Marekebisho hayo yaliifanya huko isomwe tu, ruhusa 0444.

Kujaribu: nemspesi mbili, veth (kebo ya mtandao ya kuigiza), anwani zilezile, bandari ya chanzo isiyobadilika, KASAN (kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu) imewashwa. Weka kanuni ya nft (kichujio cha pakiti) yenye ct state, inayouliza hali ya muunganisho, ndani ya kila moja. Bila hiyo ufuatiliaji hauwashwi humo na orodha ya conntrack -L itarudi tupu, ukadhani kiraka ndicho kibovu. Kisha futa nemspesi moja pakiti zikiwa bado zinapita. Usafishaji hurudia hadi hesabu ya maingizo ifike 0. Rejeo moja likivuja haifiki kamwe, na nemspesi nyingine zinazosubiri kufutwa zinapanga foleni nyuma yake. Ukiona kworker ya netns (uzi wa kerneli unaosafisha nemspesi) inakula CPU baada ya ip netns del, anza kutafuta nf_ct_put(), inayoachia rejeo, iliyosahaulika kwenye njia ya kosa.