Fandesheni: Jaribu Tayani, Si Mkononi

Ukinunua fandesheni (kipodozi cha kusawazisha rangi ya uso) Biashara Street, Mombasa, usiipime nyuma ya kiganja. Mkono una rangi yake na uso una yake. Chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, kutoka shavuni, ipite taya, ishuke shingoni. Kisha toka nje, maana taa za dukani hudanganya. Subiri dakika 15: kwa joto na jasho la Mombasa, mafuta ya ngozi huweza kuigeuza rangi ikakolea au ikaelekea chungwa. Mstari unaopotea ndio wako.

Uso ukitoka wa jivu, mara nyingi fandesheni ni nyepesi mno, au ina uwaridi juu ya ngozi yenye umanjano. Poda nyeupe huzidisha. (Kuchukua rangi nyepesi kwa ngazi mbili kuliko yako ili “ung'ae” si urembo, jamani.) Paji likiwa jeusi kuliko mashavu, fuata shingo.