Chevelle ya 1970: difu ya Posi inayochoma tairi moja

Gari ni Chevelle SS 396, difu ya bolti 12, Positraction ya kiwandani (kwa kifupi Posi: difu yenye klachi za sahani na springi ndani, zinazozuia gurudumu moja lisizunguke peke yake). Dalili mbili: ikichomwa tairi (kuzungusha tairi za nyuma papo hapo hadi zitoe moshi) inaacha mstari mmoja tu, wa kulia, na ikikata kona taratibu, nyuma kunagongagonga.

Kwamba ni wa kulia si ajabu. Propela shafti inapokaza pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), ekseli nzima hutaka kupinduka na tairi la kulia linapungukiwa uzito. Kazi ya Posi ni kulizuia lisikimbie peke yake. Ila hata mistari miwili si ushahidi, maana difu ya kawaida kwenye lami kavu iliyo sawa nayo huweza kuiacha. Difu hupimwa kwa tokirenchi, moshi unadanganya.

Kipimo cha kwanza. Gia huru, hendibreki imeachiwa, gurudumu moja chini limepigwa kabari, la pili juu ya jeki. Tokirenchi katikati ya gurudumu, zungusha polepole, soma likiwa tayari linazunguka. Limesoma futi-pauni 25. Chini ya 40, klachi zihesabiwe zimechoka.

Kabla ya kugusa spana, tairi za nyuma zilizungushiwa futi ya kamba. Kushoto milimita 2,150, kulia 2,130. Ubavuni namba zilezile, ila kampuni mbili tofauti na moja imelika zaidi. Milimita 20 zinaonekana si kitu. Piga hesabu: kila kilomita la kulia linazunguka mara nne na ushee zaidi ya la kushoto. Sahani za klachi zinasuguana hata barabara ikiwa imenyooka. Hapa ndipo klachi zilipoishia. Ukiweka mpya bila kulinganisha tairi, umetupa hela.

Kufungua. Kifuniko nje, mafuta meusi yenye harufu ya kuungua. Bolti ndogo ya kufungia pini ya kati, kisha pini yenyewe. Sukuma ekseli ndani, klipu za C zidondoke, vuta ekseli. Vifuniko vya beringi vipigwe alama kushoto na kulia, na shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kila upande zifungwe pamoja na upande wake. Zikichanganyika, nafasi kati ya krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) na pinioni inapotea (hii ilikuwa inchi 0.008, nzuri kabisa) na difu itaanza kupiga kelele. Pakiti ya springi itolewe imebanwa kwa klempu. Ikikuchomoka, vidole vyako ndivyo vitakavyoipokea.

Sahani zilikuwa na madoa ya buluu, uso uking'aa kama kioo. Gia ndogo za kati nzima, pini haijachimbika, zimerudi.

Kuunga. Sahani mpya zililowekwa nusu saa kwenye mafuta yenye dawa ya Posi (ya kupunguza msuguano wa sahani). Kufunga kavu ni kuziunguza siku ya kwanza. Springi ni za pauni 400. Za 800 zinasifiwa sana, lakini kwa gari la barabarani zinagonga kila kona na kula sahani mapema. Springi hushika mwanzo tu. Mzigo ukija, gia zenyewe husukumana nje na kukaza klachi. Ndiyo maana tairi moja likiwa hewani Posi huonekana dhaifu, na hendibreki ikivutwa kidogo huamka.

Vifuniko vya beringi futi-pauni 55. Mafuta ya gia 80W-90 ya GL-5, karibu lita 2, na dawa mililita 118. Kipimo kipya: 95.

Kisha gari likaendeshwa kwa umbo la namba nane uwanjani, polepole, mara 15, ili dawa iingie kati ya sahani. Kugonga kumekwisha. Kukirudi, ongeza dawa kwanza kabla ya kufungua chochote. Mara nyingi mtu hushusha difu nzima kumbe ametia mafuta yasiyo na dawa.

Kuchoma tairi kusubiri kilomita 800 na mafuta mapya. Siku hiyo tairi zote mbili ziwe juu ya uso mmoja. Moja likiwa kwenye maji na jingine pakavu, la majini hukimbia hadi mara mbili ya kasi ya krauni, na sahani ndizo zinazoungua.