Siku Moja Maishani Mwangu: Vinywa vya Mbwa na Bakteria Wema

Saa 1:30 asubuhi. Kabla ya kumshika mbwa yeyote, natazama kipimajoto cha friji. Baadhi ya probiotiki zetu, yaani bakteria wema, hukaa humo, nyingine ni unga mkavu unaotaka tu mahali pakavu pasipo joto. Hivi ni vijidudu hai. Vikifa chupani, unachonyunyiza ni unga mtupu.

Saa 2:15. Mama mmoja kaja na mbwa wake mdogo anayenuka kinywa. Ameshasikia habari: "Daktari, nipe ule unga wa bakteria, nimchanganyie kwenye chakula meno yatakate."

Nainua mdomo wa juu. Jino kubwa la kutafunia la pembeni limefunikwa na ukoga mgumu wa kahawia, na fizi imevimba, nyekundu. Hapo ndipo huanzia kwa mbwa wengi, maana mfereji mkubwa wa mate unafungukia karibu na jino hilo, na madini ya mate ndiyo yanayougandisha ukoga. Mbwa wadogo wana shida zaidi: meno 42 yale yale, yamebanana kwenye taya fupi.

"Mama, hapa unga hautafua dafu. Tusafishe kwanza."

Saa 4:00. Vipimo vya damu havina tatizo, mbwa amelala kwa nusukaputi. Watu huogopa nusukaputi, nawaelewa, lakini ugonjwa wenyewe umejificha chini ya fizi na hakuna mbwa macho atakayekuacha ufike huko. Napitisha kipimo kuzunguka kila jino. Kwa mbwa, mfuko kati ya fizi na jino wenye kina cha hadi milimita 3 haunitishi. Hapa kuna mifuko iliyozidi. Nakwangua, nasafisha chini ya fizi, kisha nayasugua meno yawe laini na yang'ae.

Ndani ya saa 24 utando mpya wa bakteria utakuwa umerudi, na baada ya siku mbili tatu utaanza kuwa mgumu. Mate ya mbwa yana ualikali kuliko yetu. Ndiyo maana meno yao hutoboka kwa nadra, ila ukoga wao huganda upesi.

Saa 7:00 mchana. Chakula, haraka haraka.

Saa 8:30. Mbwa ameamka, mama amerudi, na sasa mazungumzo ya probiotiki yana maana. Namweleza kwamba ni kama viti kwenye daladala: bakteria wema wakiwahi kukaa, wabaya wanabaki wamesimama. Wapo pia wanaotoa kemikali za kuwazuia wapinzani, kama Streptococcus salivarius K12, iliyogunduliwa New Zealand na mwanasayansi John Tagg kwenye kinywa cha binadamu. Wale wabaya ndio hutoa gesi za salfa, na harufu mbaya hutoka huko. Ushahidi kwa mbwa bado mchanga, kwa hiyo simwahidi zaidi ya kuwa msaada wa mswaki.

Na bakteria wa kutuliza tumbo si lazima afanye kazi kinywani. Lebo isomeke vizuri.

Saa 10:10 jioni. Simu. Kijana ana vidonge vya kumumunya vya probiotiki, vya watu, anataka kumpa mbwa wake. Namwomba anisomee viambato. Cha tatu: zailitoli, kiongeza utamu kinachotumika badala ya sukari. Namwambia asimpe hata kimoja, avifungie mbali. Zailitoli humfanya mbwa amwage insulini nyingi, sukari ya damu ikaporomoka, na ikizidi huua ini. Dawa nyingi za meno za binadamu nazo zinayo. Simu hii naipenda kuliko ile inayokuja baada ya mbwa kula.

Saa 11:20. Mtoto wa mbwa, somo la kwanza la mswaki: leo kidole tu kwenye fizi, kisha sifa nyingi. Ameniuma kidogo, tumeelewana.

Saa 12:00. Mama wa asubuhi anapiga: unga aanze lini? Namwambia fizi zipone kwanza, na ile dawa ya klorheksidini niliyompa iishe, kwa sababu inaua bakteria bila kuchagua. Halafu kila usiku: mswaki, kisha unga upakwe kwenye fizi baada ya chakula na maji. Uwe wa kila siku, kwani bakteria hawa hawaweki makazi ya kudumu.

"Na siku nikichoka, naweza kuacha mswaki nikaweka unga tu?"

Bora uache unga, mama.