Jinsi nilivyolinganisha kabineti za gitaa kabla ya kurekodi metali

Bendi yetu ya metali, yaani roki nzito, hapa Nairobi ilipojiandaa kurekodi, kabineti, lile sanduku la spika linalotoa sauti ya gitaa la umeme, ndiyo iliyotugombanisha. Mpiga gitaa mwenzangu hakutaka kusikia kingine ila Marshall 1960A, ile yenye uso ulioinama kwa juu na spika nne za Celestion G12T-75. Mimi nilikuwa upande wa Mesa/Boogie Rectifier, kubwa na pana zaidi, yenye spika nne za Celestion Vintage 30. Zote mbili zina spika za inchi 12 na zimefungwa nyuma, kwa hiyo kwa macho unaweza kudhani ni ndugu. Tukaziazima zote, tukaziweka chumba kimoja.

Kwanza nilitaka mkono wa mpigaji utoke kwenye ubishi. Rifu ileile, yaani kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, ukiipiga mara mbili haitoki sawa. Kiganja kikibana nyuzi zaidi kidogo tu, besi inabadilika, nawe utaisifu kabineti kwa kazi ya kiganja. Basi nikarekodi gitaa kavu, waya moja kwa moja hadi kwenye kompyuta, bila amplifaya. Kisha nikairudisha rekodi hiyo kupitia kiboksi kinachoishusha hadi kiwango cha gitaa, ikaingia kwenye amplifaya ya valvu (mirija ya kielektroniki) ambayo vitufe vyake sikuvigusa tena. Kila nilipohamisha waya wa spika nilizima amplifaya na kuhakikisha omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, za amplifaya na za kabineti zinalingana. Amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika, transfoma yake inaweza kuungua, na hiyo tuliyokuwa nayo haikuwa yetu.

Lililofuata ni ukubwa wa sauti, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Kwa wati moja, Celestion huipa Vintage 30 desibeli 100, na G12T-75 desibeli 97. Tofauti hiyo sikio halikuambii kwamba ni kelele zaidi. Linakuambia kwamba ni nzuri zaidi. Nikashusha rekodi za Mesa hadi zilingane na za Marshall, ndipo tukaketi kusikiliza.

Zikisikilizwa peke yake, Marshall ilishinda, na mwenzangu hakuficha furaha. Besi nene, juu kuna ukali mtamu, katikati pametulia. Vintage 30 ina mwinuko unaojulikana, yaani sauti za kati ya kilohezi 2 na 3 zinatoka kwa nguvu zaidi, na ukiisikiliza bila vyombo vingine inachoma sikio kama limau kwenye kidonda.

Nikaingiza gitaa la besi na dramu. Marshall ikazama. Besi yake ile nene ilikuwa inagombania nafasi na kiki, ile dramu kubwa ya mguu, pamoja na gitaa la besi, na pale katikati palipotulia ndipo gitaa la metali linapoishi. Mesa ikasimama mbele bila kuongezwa hata desibeli moja, na kile kilichokuwa kikichoma sasa ndicho kilichoifanya kila noti isikike hata rifu ilipokimbia. Tangu hapo sisikilizi tena kabineti bila dramu. Sioni faida yake.

Lakini maiki ilinishangaza kuliko kabineti zenyewe. Nilitumia Shure SM57 moja, karibu kabisa na kitambaa cha mbele, nikimulika kwa tochi ili nione kifuniko cha duara kilicho katikati ya spika. Maiki ikielekea katikati kabisa, sauti ni kali ya kukwaruza. Ukiisogeza hadi ukingoni mwa kifuniko hicho, inatulia. Ukizidi kwenda nje inakuwa nzito na butu. Sentimita mbili zilibadilisha sauti kuliko kutoka Marshall kwenda Mesa. Isitoshe, spika nne za kabineti moja hazifanani. Nilizijaribu zote, na ya chini kushoto ndiyo iliyonipendeza.

Nilijaribu pia mtindo wa Studio Fredman ya Gothenburg, Uswidi: SM57 mbili kwenye spika moja, ya kwanza imenyooka, ya pili imeinamishwa digrii 45. Ukali unapungua bila gitaa kupoteza uwazi. Ila vichwa vya maiki visipokuwa umbali sawa kutoka kwenye spika, mawimbi yanakatana na sauti inakonda.

Mwishowe gitaa za kushoto na kulia zote zilipita kwenye Mesa, distoshoni, yaani ule mkwaruzo wa amplifaya, ikiwa chini ya ile ya mazoezini, na sauti zao za chini ya hezi 80, yaani besi ya chini kabisa, nikazikata ili gitaa la besi lipumue. Solo tukaiachia Marshall. Pale ule ukali wake wa juu ulifaa, na mwenzangu, ambaye ndiye mpiga solo, hakubisha.

Kabla ya kurudisha kabineti, nilipitisha mlio unaopanda kutoka besi hadi juu kabisa kwenye kila moja, maiki zikiwa palepale, programu ikatengeneza nakala za mwitikio wake, yaani faili zinazoiwezesha kompyuta kuiga sauti ya kabineti hizo. Nyimbo zilizobaki tunazirekodi usiku nyumbani kwa nakala hizo, tukiwa na vipokea sauti masikioni, na jirani wa ghorofa ya chini hajui kama tuna bendi.